Nusu Kichwa

Kati ya viti vitatu vya chumba kile, Kinyozi alichagua kibovu. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, kinacheza kama jino la mtoto. Lakini ndicho pekee kilichotazama mlango, na tangu atoke jeshini Kinyozi hajawahi kuupa mlango mgongo, awe anakula, awe anapiga mswaki. Basi akakaa pale, anacheza na kiti, tiki tiki tiki, na Dokta hakumwambia aache.

Dokta alikuwa mwanamke mfupi wa sauti ya chini, umri sawa na mdogo wa mwisho wa Kinyozi. Wanaume wa kituo kile cha matibabu, wote wanajeshi waliokwisha kuvua magwanda, walimwita Dokta akiwepo na Afande akiwa hayupo. Aliweka simu ya Kinyozi mezani inarekodi, akamwambia afunge macho, arudi siku ile, aisimulie kama inatokea sasa hivi, asiruke kitu.

Kinyozi akafunga jicho moja na nusu. Akasema, "Nikatoka hemani, nikaweka sanduku, dogo akaja akakaa, nikawasha mashine, nikamnyoa, likapiga, nikajikuta chini."

Kwisha. Chai ya Dokta ilikuwa bado inafuka.

Dokta akamuuliza, kutoka sifuri mpaka mia, moyo umepanda mpaka ngapi. Akasema sabini, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Hapo Dokta akamwambia jambo ambalo hajawahi kuambiwa, hata na yule mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa akimtoa nje kila kipindi: kwamba shida yake ni ka.

"Nikatoka, nikaweka, nikamnyoa. Hiyo ka yako ina magurudumu, inateremka nayo tu. Niambie natoka, naweka, namnyoa. Ikae hapo tuione."

Kinyozi akabisha. Hadithi ni ka, watu wote wanasimulia hivyo, kwani yeye ana nini? Dokta akakubali kwamba hadithi ni ka.

"Ka ni ya mambo yaliyopita," akasema. "Lako halijapita."

Akajaribu. Natoka hemani. Naweka sanduku. Dogo anakuja, anakaa. Nawasha mashine. Hapo akasikia mdomo wake wenyewe unamalizia mbio: nikamnyoa, likapiga, nikajikuta chini. Ka imerudi, na yeye kasimama, yuko mlangoni, ameshika kitasa. Dokta akanywa chai yake.

Kituo chenyewe zamani kilikuwa bweni la wanafunzi: vitanda vya chuma, kuta zilizopakwa rangi juu ya majina ya wapenzi. Matibabu yalikuwa wiki mbili tu, lakini wiki mbili za kubanwa. Huji mara moja kwa mwezi ukanong'ona na kuondoka. Unalala hapo hapo. Asubuhi unasimulia, mchana unakimbizwa uwanjani mpaka jasho lifike soksi, jioni unatolewa nje kwenda kufanya kile hasa unachokikwepa. Kesho tena. Dokta alisema kidonda ukikiosha leo ukakiacha mwezi, kinafunga juu na usaha uko ndani.

Kinyozi hakuja pale kwa kupenda. Alikuja kwa sababu ya Chiriku.

Chiriku ni binti yake, mtoto wa pekee, wa darasa la pili. Majirani ndio waliompa jina hilo kwa mdomo wake. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na mbuzi wa watu. Sasa jioni moja Kinyozi alikuwa katika zile safari zake za sebuleni, dirishani, mlangoni, dirishani, mlangoni, na mkewe, aliyekuwa ameshinda amesimama kazini, akamwambia neno ambalo kila mke humwambia mume asiyekalika. Baba Chiriku, tulia basi. Kinyozi hajui ngumi ilitoka wapi. Anachojua ni kwamba mlango wa chumbani ulipasuka na mkono wake ukapita upande wa pili mpaka kiwiko, na upande huo wa pili, mbele kabisa ya vidole vyake, alikuwa amesimama Chiriku na mswaki mdomoni.

Mtoto hakuguswa. Ila tangu jioni ile, baba akiingia, Chiriku ananyamaza. Anapiga soga na mama, na jirani, na mwanasesere, baba akitokea tu, kimya, kama redio iliyoishiwa betri. Mama Chiriku hakugomba. Alifunga begi, akaenda na mtoto kwa mama yake, na mlangoni akaacha masharti. Siku ya mwisho ya matibabu, siku ya kuita ndugu, watakuja wote wawili.

"Akifungua mdomo mbele yako, tutaongea habari ya kurudi," alisema. "Asipofungua, na wewe usinifungulie wa kwako."

Hilo ndilo lililomketisha Kinyozi kwenye kiti kibovu.

Chumba cha kulala alipangiwa pamoja na mtu mnene aliyewahi kuendesha malori ya msafara jeshini. Wote walimwita Breki, na sababu ilionekana akikaa tu: mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu. Mezani anakanyaga, kitandani anakanyaga. Soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imekwisha na ya kushoto ni mpya. Tena alikuwa mcheshi wa kuudhi. Siku ya kwanza aliziangalia nywele za Kinyozi, zimesimama kama kichaka, akataka kujua kinyozi gani huyu, mpishi anayelala njaa.

"Kinyozi hajinyoi," Kinyozi akajibu.

"Ndiyo. Ananyolewa na kinyozi mwenzake. Wa kwako yuko wapi?"

Breki alikuwa amegusa penyewe. Kazi ya kunyoa Kinyozi aliipenda kwa sababu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kinyozi ndiye anayesimama nyuma. Hakuna aliye nyuma yake, na kioo kinamwonyesha mlango saa zote. Lakini yeye akae, mtu asimame kisogoni na mashine inaunguruma? Hapana. Nyumbani alijinyoa mwenyewe kwa vioo viwili, anajikata masikio, kisha anavaa kofia. Na wateja walimsifu kwa uvumilivu. Vinyozi wengine, mteja akicheza kichwa, humwambia tulia. Kinyozi alizima mashine akasubiri. Watu walidhani ni ustaarabu.

Basi kila siku mchana, baada ya mazoezi, kazi yao ilikuwa kusikiliza. Kila mtu na sauti yake aliyorekodi asubuhi, mwanzo mpaka mwisho, kesho amwambie Dokta moyo ulipanda mpaka ngapi. Siku ya kwanza Kinyozi aliweka nyaya za simu masikioni, akajisikia anasema natoka hemani, akazing'oa, akaenda kuzunguka uwanja mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Aliporudi akamkuta Breki ameweka simu chini ya mto na ameukalia mto.

Wakatazamana. Na wazo lilikuwa la Breki, hilo lisemwe. Alikumbusha kwamba jeshini walikuwa wanabebeana mabegi, mguu wa mmoja ukivimba mwenzake anabeba mawili, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema. "Lete yako nikusikilizie. Chukua yangu. Zote zitakuwa zimesikilizwa. Nani kaibiwa?"

Kinyozi aliona hakuna akili iliyowahi kupita hiyo. Mara ngapi kwenye gwaride alimwitikia mtu jina lake, yule mtu yuko kitandani anakoroma? Simu zao zenyewe zilikuwa za bei rahisi, nyeusi, zinafanana kama mapacha. Wakabadilishana mchana, wakarudishiana asubuhi baada ya chai, na maisha yakawa matamu.

Kinyozi alilala chali, anatafuna karanga, anamsikiliza Breki. Tunatoka alfajiri, mimi ni gari la tatu, amri ni moja, msafara hausimami. Barabara ni nyekundu. Redio inakoroma. Mbele naona mtu anavuka, ana beseni kichwani. Kisha tukafika kambini. Ilikuwa habari ya kusikitisha kidogo, kama msiba wa mtaa wa pili. Usufi kweli. Kesho yake Dokta alipouliza, Kinyozi akasema ishirini. Kesho yake tena, kumi na tano. Dokta akainua nyusi, kwa sababu mbele yake, asubuhi ile ile, mtu huyo alikuwa themanini na jasho linamdondoka kwenye kidevu.

Siku zikaenda. Halafu kikaanza kumwasha.

Mkono wa kinyozi una macho. Ukipitisha kiganja kwenye kichwa ulichokwisha kunyoa, unajua umeruka wapi kabla hujaangalia. Na Kinyozi, kila akimsikiliza Breki, alisikia mahali palipobaki. Mtu ana beseni kichwani, anavuka. Kisha tukafika kambini. Na, na, na, na, kisha ghafla ka. Kati ya beseni na kambi kuna kipande kizima hakijapitiwa mashine. Akarudisha nyuma akasikiliza. Akarudisha tena. Karanga zikamshinda. Akaanza yeye ndiye kuliona lile beseni, la bluu, sijui nani alimwambia ni la bluu.

Mwisho akamwambia. Breki alikuwa anafunga kamba za viatu. Kinyozi akamwambia kama fundi anavyomwambia fundi, bila ubaya, kwamba mzee, pale kwenye beseni umeruka.

Mguu wa Breki ukaacha kukanyaga. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Mimi ndiye nimeruka," akasema polepole. "Na wewe? Kabla ya likapiga, pale, kuna pumzi unavuta. Kila siku naisikia. Unavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema neno, halafu likapiga. Ulisema nini hapo, Kinyozi?"

Kinyozi akamwambia afunge mdomo. Breki akauliza tena. Wakashikana mashati, watu wazima wale, kitanda kikaburuzika na sahani ya karanga ikamwagika, mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta akauliza kama wanahamisha makabati. Wakaachiana. Kila mmoja akalala akiutazama ukuta wake.

Asubuhi hawakusemeshana. Na kwa kuwa hawakusemeshana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema lete simu yangu. Kinyozi akaenda kwa Dokta na simu ya Breki mfukoni, anajiambia si kitu, leo atarekodi humo humo, atajua mbele ya safari.

Lakini siku hiyo Dokta alikuwa na jambo. Alisema zile ishirini za mchana na themanini za asubuhi hazikai chungu kimoja, basi leo waanze kwa kusikiliza pamoja ya jana. Akanyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe.

"Tunatoka alfajiri," ikasema sauti nene ya Breki. "Mimi ni gari la tatu."

Dokta akaizima. Tiki tiki tiki, kiti.

"Kwa hiyo siku zote hizi," akasema, "umekuwa unapona ugonjwa wa mwenzio."

Kinyozi akajua amekwisha. Alimwona Chiriku ameshika sketi ya mama yake, mdomo umefungwa kwa kufuli. Akaeleza, maneno yanagongana: mabegi, gwaride, kanda la usufi. Dokta alifunika mdomo kwa kiganja, na haikujulikana kama anacheka au anazuia matusi. Alipokitoa alikuwa mkali. Sauti ya mtu ni siri yake, wangemuuliza kwanza. Nusu ya muda imeliwa na hairudi. Hamfukuzi mtu, lakini aelewe kitu kimoja.

"Usufi ukinyeshewa, haubebeki," alisema. "Ya Breki sitaki kuyasikia kwako. Nataka yako. Yeye alisikia nini?"

Kinyozi akatazama mlango. Ulikuwa umefungwa, kitasa kiko pale pale.

"Anasema navuta pumzi."

"Wapi?"

"Kabla ya kupiga."

"Twende hapo," akasema Dokta, akaweka simu yake mwenyewe mezani.

Safari hii Kinyozi alifunga macho yote mawili.

"Natoka hemani. Jua kali. Naweka sanduku tupu la risasi, ndiyo kiti. Wengine wamepanga foleni kivulini. Dogo anakuja. Ni mgeni, hana hata mwezi. Anataka apendeze, atapiga picha ampelekee mama yake. Anakaa. Nasimama nyuma yake. Nawasha mashine. Namnyoa kushoto. Kushoto kumekwisha. Anainua kichwa. Anasema, kaka, umesikia? Anataka kuinuka. Wale wa kivulini wanakimbia. Mimi nadhani wanataniana. Mkono wangu..."

Kiti kiliacha kucheza.

"Mkono wangu uko begani kwake. Namkandamiza. Nasema, tulia, bado kidogo."

Dokta akaweka kikombe chini.

"Anatulia," akasema Kinyozi. "Ananisikiliza. Anakaa. Halafu kombora linapiga. Yeye yuko mbele yangu, mimi nimeinama nyuma yake. Niko chini. Mashine bado inaunguruma mkononi. Kichwa chake nakiona. Nusu."

Alilia kwa namna mbaya, kama mtu anayetapika. Dokta akamsogezea maji, akamuuliza ngapi. Mia. Akamwambia aanze tena, natoka hemani. Kinyozi akamtukana. Dokta akakubali tusi, akasema aanze tena. Akaanza. Akarudia. Akarudia tena, chai ikapoa mpaka ikaota ngozi. Na katika kurudia kule, taratibu, bila magurudumu, akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia.

"Mashine," akasema, akafumbua macho. "Ilikuwa sikioni kwangu. Inaunguruma. Yeye alisikia. Mimi sikusikia chochote."

"Hukusikia," Dokta akasema. Akauliza ngapi.

"Tisini na tano."

"Imeshuka tano."

"Tano ni nini sasa?"

"Tano ni tano."

Mchana Breki alirudi kutoka kwa Dokta amelowa shati, mtu aliyeingia mnene akatoka mwembamba. Akakaa kitandani, akamrushia Kinyozi simu yake. Akakitazama kiatu cha kulia.

"Sikukanyaga," akasema.

"Najua," akasema Kinyozi. Akamsogezea karanga zilizobaki. Wakazimaliza.

Siku zilizofuata kila mtu alibeba begi lake. Kinyozi alisikiliza sauti yake mwenyewe, anazunguka chumba, dirishani, mlangoni, lakini nyaya ziko masikioni. Tisini. Themanini na tano. Tisini tena. Themanini. Ikabaki jioni moja kabla ya siku ya ndugu, na kazi ya jioni hiyo Dokta alikuwa ameipanga tangu mwanzo: kwenda kunyolewa.

Duka la kinyozi lilikuwa mtaa wa nyuma, dogo, kioo kimepasuka pembeni, kiti cha kuzunguka kimefungwa kwa gundi ya nailoni. Dokta akakaa kwenye benchi la wateja. Breki naye alikuja, kazi yake ilikuwa kupita barabara ya sokoni ndani ya gari bila kufunga macho, na alikuwa amefika ameloa. Kinyozi akavua kofia, akakaa. Kwa agizo la Dokta kiti kikageuzwa: kioo nyuma, mlango nyuma, mbele ukuta na kalenda ya mwaka juzi.

Kijana wa pale alikuwa mzuri wa mkono, Kinyozi alijua kwa mpito wa kwanza tu. Kushoto kukaenda. Kinyozi ameshika mikono ya kiti kama anaendesha pikipiki, jasho linaingia chini ya kitambaa, lakini kakaa. Kushoto kukaisha. Nje mtu akadondosha kitu cha bati. Kinyozi akashtuka, kichwa kikacheza, na yule kijana, ambaye hakujua lolote chini ya jua, akamwekea mkono begani kama kinyozi yeyote duniani.

"Tulia mzee, bado kidogo."

Kilichofuata Kinyozi alisimuliwa. Breki ndiye aliyemkuta, nyuma ya duka la magodoro, amechuchumaa, kitambaa cha kunyolea bado kiko shingoni kama joho la mfalme aliyepinduliwa.

"Umekuja kufuata usufi?" Breki akauliza.

Kinyozi hakurudi kule dukani, hata kofia aliiacha. Kituoni wenzake wakamwona anaingia na kichwa kimelimwa upande mmoja, na kwa heshima zote walizokuwa nazo, wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Dokta hakucheka. Alimuuliza amekaa kwa muda gani.

"Nusu kichwa."

"Nusu kichwa si haba," Dokta akasema. "Juzi hata unywele mmoja usingetoka."

Lakini kesho ilikuwa kesho. Ukumbi ukapangwa viti, ndugu wakaanza kuingia na vikapu vyao, na Kinyozi hana kofia. Alifikiria kujifunga taulo. Alifikiria kujimalizia kwa kioo cha chooni, akafika mpaka mlangoni na mashine yake, akageuka, akaikabidhi kwa Breki. Kisha akaanza safari zake. Dirishani, mlangoni. Dirishani. Na alipogeuka kutoka dirishani, Mama Chiriku alikuwa amesimama ukumbini anamtazama, na nyuma ya sketi yake kuna jicho moja.

Akamwona mkewe alivyomtazama. Ni yule yule, uso wake ulisema. Dirishani, mlangoni, tena safari hii kawa kichaa kabisa, angalia kichwa. Mabega ya yule mama yakashuka kidogo. Chiriku hakusema kitu.

Kinyozi akavuta kiti. Akakiweka katikati ya ukumbi, akakigeuza kuelekea ukuta, akakaa. Mlango ukawa nyuma yake, na watu wanaingia na kutoka, na kila kiatu alikisikia uti wa mgongo. Akamwomba Breki aende na mtoto kuchukua ile mashine. Chiriku akamtazama mama, mama akaitikia kwa kichwa, wakaenda. Kinyozi akaongea akiutazama ukuta, kwa sababu asingeweza akimtazama mtu.

"Siku ile ya mlango uliniambia tulia," alisema. "Mama Chiriku, hilo neno mimi nilimwambia mtu. Kijana. Nilikuwa namnyoa, akataka kukimbia, nikamwambia tulia bado kidogo. Akanisikiliza. Akafa mikononi mwangu. Ndiyo maana."

Kiti kingine kikavutwa. Mkewe alikaa nyuma yake, karibu, mpaka Kinyozi akasikia pumzi zake. Miaka yote ile ya ndoa hakuwahi kumwambia hata jina la kambi.

"Ungeniambia," alisema mwishowe, "ningetumia neno lingine. Maneno yamejaa tele."

Breki akarudi na mashine, na mtoto, na habari kwamba shemeji, huyu bwana ni wa kumaliziwa tu, bei ni nusu. Hakuna aliyecheka. Chiriku alikuwa anakizunguka kile kiti, polepole, kama anakagua gari. Akatazama upande wa kushoto. Akatazama wa kulia. Akasimama mbele ya baba yake, na Kinyozi akajizuia hata kupepesa macho.

"Aliyekunyoa alikimbia?" akauliza Chiriku.

Mama yake akashika mdomo.

"Hapana," akasema Kinyozi. "Mimi ndiye niliyekimbia."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Mashine?"

"Kidogo. Na mtu wa nyuma."

Chiriku akafikiri. Kisha akasema bibi ana kondoo ambaye naye alikimbia akinyolewa manyoya, wakamfukuza mpaka kwenye mahindi ya watu, na alikaa hivyo hivyo nusu mpaka mvua ikanyesha, na wale kondoo wengine wakamkataa, na bibi alisema, na mjomba alisema, na yeye mwenyewe alisema. Kinyozi alisikiliza habari yote ya kondoo yule. Macho yalimjaa na hakuyafuta.

Mama Chiriku akachukua mashine mkononi mwa Breki. Hakuwahi kunyoa mtu. Akaiwekea kitana cha kuzuia isikate karibu, akaiwasha, ikaunguruma, na mwili mzima wa Kinyozi ukasimama bila kuinuka. Mpito wa kwanza ukaenda upogo. Wa pili afadhali. Chiriku akataka na yeye ashike, akapewa, mkono wa mama juu ya mkono wake. Mlango ukajibamiza nyuma yao kwa upepo. Kichwa kikacheza.

Na Chiriku, mtoto wa kinyozi, aliyewahi kupelekwa dukani kwa watu kunyolewa, akamwekea baba yake kiganja begani.

"Tulia baba, bado kidogo."

Mashine ikazimwa. Aliyeizima ni mama, kwa kasi. Breki alikuwa anakanyaga sakafu kama lori zima limo ukumbini. Dokta, aliyekuwa amesimama pembeni na ndugu za watu wengine, hakusogea.

"Ngapi?" aliuliza kutoka kule kule.

"Tisini na tisa," akasema Kinyozi. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa kiti. Alivuta pumzi, ile pumzi, ndefu.

"Washa," akamwambia mkewe.

Ikawashwa. Ikaunguruma sikioni kwake, na juu ya muungurumo ule akamsikia Chiriku anaendelea na kondoo wake, kwamba sasa manyoya yameota lakini upande mmoja ni marefu, kwamba wamempa jina, kwamba baba akienda kwa bibi atamwona. Kila neno alilisikia. Nywele zikadondoka mapajani. Mara akasema tisini na saba, hakuna aliyemuuliza.

Walipozima, akapitisha kiganja kichwani, taratibu, mbele kwenda nyuma, kama anavyofanya kazini. Upande wa kulia ulikuwa umelimwa ovyo ovyo. Kisogoni kiganja kikasimama.

"Hapa mmeruka," akasema.

"Inuka basi ukamalizie mwenyewe kwenye kioo," mkewe akasema, akimjaribu.

"Hapana. Rudieni."

Akainamisha kichwa. Mama Chiriku akaitazama ile shingo kwa muda, mishipa yake inavyoruka. Kisha akasema, kama mtu anayeongea na mashine, kwamba ule mlango wa chumbani ni lazima utengenezwe kwanza, hawezi kulaza mtoto mahali penye tundu. Kinyozi akasema kesho. Chiriku akauliza kama tundu linaweza kuachwa dogo, la kuchungulia, akaambiwa la, akauliza kwa nini, na mashine ikawashwa.